Ramani ya Bure

Saa mbili na nusu navuta komeo. Mlango unalalama
kama ulivyolalama jana, na mafuta nimesahau tena.
Nafuta meza. Napanga karatasi zangu:
saa za kufunguliwa ngome, nauli ya boti hadi Mokowe,
na ramani ya mji wa Lamu, ya bure, imekunjwa mara nne.
Feni inazunguka, inataka tukubali kwamba ni upepo.

Wa kwanza daima huuliza choo.
Husemwa mgeni huja na shauku;
mimi, miaka minne hapa, nasema mgeni huja na kibofu.
Nyuma hapo, mlango wa buluu, sukuma kwa bega,
pipa limejaa, kata inaelea.
Akirudi uso umekunjuka.
Hapo ndipo nasema karibu, na hapo ndipo husikika.

Mwingine akataka kituo cha teksi.
Nikamwonyesha punda wa Shekuwe, amefungwa nguzoni.
Akacheka. Punda hakucheka.

Mume na mke kutoka Kisumu wakauliza, kwa haya,
kama wao pia wahesabiwa watalii.
Nikawafungulia kitabu.
Kwenye safu ya "nchi utokayo" kalamu ikasita,
kisha mke akaandika: hapa.

Msikiti ni mbali? Karibu.
Kisima cha zamani ni mbali? Karibu.
Nao hushukuru, wakiinamisha vichwa,
wakidhani nawakaribisha upya kila mara.
Sijapata kuwasahihisha.

Kasoro robo saa sita akaingia Tima Kupi,
afuaye mashuka ya gesti ile ya orofa tatu.
Miaka minne apita mlangoni na beseni kichwani,
salamu zake ameshazimaliza kabla sijainua uso.
Leo akatua beseni, akapangusa mikono kwa leso,
kiganja, kiganja, halafu kila kidole.
"Hizo mwapa wazungu tu?"
Ni za bure, nikasema, na sauti yangu ikaniaibisha.

Akaikunjua juu ya meza kama ashikaye shuka la mtu.
"Nionyeshe kwetu."

Mkomani ipo, kila kichochoro na jina lake.
Langoni ipo. Hospitali ipo, hata kinyozi yupo.
Kidole changu kikapanda, kikapanda,
kikapita nyumba za mwisho zilizochorwa,
kikatokea kwenye weupe.
Na juu ya weupe huo mchoraji, kwa kukosa la kuweka,
ameweka dira: nyota kubwa yenye ncha nane.

"Hapa penye nyota?"
Hapo.
Akatazama muda mrefu.
"Basi kaskazini iko uani kwangu," akasema,
"nami naanika nguo juu yake bila kujua."

Nilicheka peke yangu.
Nikachukua kalamu. Nikachora bomba la maji,
duka la Bunu, njia ya mchanga, mabati.
"Bomba si hapo. Kushoto. Hapana, mbele.
Na duka la Bunu lilifungwa, ni mwaka sasa.
Wewe umewahi kufika?"

Feni ikazunguka.
Mkono huu umeonyesha dunia nzima njia,
na miguu yake haijavuka ukingo wa karatasi.

"Karibu, basi," akasema Tima,
akajitwika beseni, akaenda.
Ramani aliiacha. Yeye ya nini? Ndia aijua.

Niliirudisha juu ya nyingine, na wino wake mbichi.
Alasiri kijana mrefu, pua imeungua jua, akaichukua,
akaigeuza, akaigeuza tena,
akaweka ukucha juu ya nyota iliyochafuliwa.
Hapa pana nini?

Pana bomba, nikasema.
Kushoto. Hapana, mbele.